Seli za Kandara: Kumbukumbu za Fomula Zilizogeuka Maandishi

Lahajedwali ni daftari la kompyuta lililogawanywa kwa safu za kwenda chini na mistari ya kwenda kando, na pale safu inapokutana na mstari ndipo penye seli, yaani kijisanduku kimoja kinachobeba namba, maandishi au fomula. Fomula ni agizo la hesabu linaloanza kwa alama ya usawa (=), na mwenye kuliandika hutazamia kwamba akibonyeza kitufe cha Enter agizo litajificha na mahali pake litakaa jibu. Tabia hii ilizoeleka tangu VisiCalc, programu ambayo Dan Bricklin na Bob Frankston waliitoa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Ikarithiwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983 na Excel mwaka 1985, hata makarani wengi wa leo huichukulia kama sheria ya maumbile. Siku fomula inapobonyezewa Enter na ikabaki palepale, herufi kwa herufi, =B7*C7*D7/6000, karani hujiona kama aliyemtuma mtoto dukani akarudi na kile kile kikaratasi cha maagizo.

Kumbukumbu zinazochambuliwa hapa ni za ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo iliyokuwa Kandara, mtaa wa Jeddah ulio jirani na Balad, mji mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014. Kandara ulikua kando ya uwanja wa zamani wa ndege, na ingawa ndege zilihamia uwanja mpya wa Mfalme Abdulaziz, kaskazini mwa jiji, mwaka 1981, hoteli za wasafiri na maduka ya masanduku hayakuhama nazo, wala ofisi za kago zilizowahudumia watu wa umra na wafanyakazi wa kigeni wanaotuma vitu nyumbani. Ofisi yenyewe, ambayo haitatajwa jina, ilipokea makatoni ya kwenda Mombasa, Dar es Salaam na Unguja. Ilikuwa na tawi Riyadh, safari ya kilomita 950 hivi kwa barabara, na matawi hayo mawili yalitumia faili moja la Excel lililokwenda na kurudi kwa barua pepe kila jioni. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa karani wa upande wa Kandara. Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee wa Unguja ambaye wote walimwita Ami, jina ambalo kwa watu wa pwani ni la ndugu wa baba, na ambalo Waarabu wa sokoni nao hulitumia kwa lafudhi yao kumheshimu mtu mzima.

Ili tatizo hili lieleweke, ni lazima mambo matatu yaliyomo ndani ya seli moja yatenganishwe, kwa sababu macho huyaona kama jambo moja. Kuna yaliyomo, yaani kile kilichohifadhiwa hasa. Kuna umbizo, yaani amri iliyopewa seli kuhusu namna ya kukichukulia kinachoingia, kama ni namba, tarehe, fedha au maandishi. Na kuna onyesho, yaani kile kinachofika machoni. Umbizo la kawaida huiachia programu uhuru wa kuamua yenyewe: ikiona alama ya usawa mwanzoni hufanya hesabu, ikiona tarakimu huweka namba, ikiona herufi huweka herufi. Umbizo la maandishi huondoa uhuru huo wote. Seli iliyoambiwa kuwa kila kitakachoingia ni maandishi hulipokea agizo la hesabu kama inavyolipokea jina la mteja, hulihifadhi kwa uaminifu, na hailifanyii lolote.

Katika daftari la Kandara umbizo hilo liliwekwa kwa nia njema kabisa. Namba za simu za mkononi za Saudia huanza na 05, na nyingi za Kenya na Tanzania huanza na 07. Excel ikiachiwa uhuru wake huifuta sifuri ya mbele, kwa kuwa katika hesabu sifuri iliyotangulia haina thamani, na simu ya mpokeaji wa Kisauni hubaki na tarakimu 9 zisizopigika. Ami aliwahi kupoteza mteja kwa sababu ya sifuri hiyo. Alipoambiwa na mtu kuwa dawa yake ni umbizo la maandishi, hakuiteua safu ya simu peke yake, bali aliliteua jedwali zima kwa kubofya ile pembe ya juu inayokamata seli zote, akalitia dawa lote. Simu zikapona. Fomula zilizokuwamo tayari ziliendelea kujibu kwa muda, maana umbizo hutazamwa wakati kitu kinapoingizwa na wala halirudi nyuma kuhukumu kilichokwisha kuingia. Lakini kila fomula mpya iliyoandikwa tangu siku hiyo, na kila ya zamani iliyoguswa, ilisimama kama maandishi.

Jambo hilo la wakati wa kuingia ndilo linalowapotosha wengi, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko mengine. Karani anayegundua kuwa seli ina umbizo la maandishi hulibadilisha, akaliweka la kawaida, kisha hutazama na kuona hakuna kilichobadilika. Hapo hukata tamaa na kudhani ugonjwa ni mwingine, akaanza kuichokoa fomula yenyewe, akaongeza mabano, akafuta mabano, akaandika upya majina ya seli kwa herufi kubwa. Fomula haikuwa na kosa lolote. Kubadilisha umbizo ni kubadilisha amri ya mlangoni, na mgeni aliyekwisha kuingia kama maandishi hubaki maandishi mpaka atolewe na aingizwe tena. Kumwingiza tena si kazi kubwa: hubonyezwa F2, kitufe kinachoifungua seli kwa marekebisho, kisha Enter, bila kugusa herufi hata moja.

Ami alikuwa akiyajua haya kwa mikono kuliko kwa maneno. Siku ya kwanza mwandishi alipomlalamikia akisema, “Ami, jumla imekataa kutoka,” jibu lilikuwa fupi: “Haikukataa, mwanangu. Haijaulizwa.” Kisha mzee aliirudishia safu umbizo la kawaida, akaishuka nzima, F2, Enter, F2, Enter, kwa mwendo wa mtu anayevuta tasbihi, mpaka seli zote zikatoa majibu. Alifanya hivyo kila jioni kwa miaka. Hakuwa akijua kuwa safu nzima ingeweza kuingizwa upya kwa mara moja, ama kwa kutumia chombo cha kugawa maandishi katika safu, ambacho kikiachwa kimalize kazi bila kugawa chochote huisoma kila seli upya, ama kwa kuamuru alama ya = itafutwe kote na ibadilishwe na alama ile ile ya =, amri inayoonekana ya kipuuzi lakini inayoilazimisha programu kukiingiza tena kila ilichokigusa. Njia hii ya pili hudai umbizo la kawaida liwe limetangulia. Aliyejua dawa bila kujua chanzo aliishi na ugonjwa kama na jirani, na huenda hata mwandishi angebaki hivyo kama tawi la Riyadh lisingeongeza ugonjwa wa pili.

Ugonjwa huo ulihusu ritifaa, ile alama ndogo inayoning’inia ambayo msomaji wa Kiswahili anaijua katika ng’ombe na ng’ambo, mahali inapoigeuza sauti ya herufi zilizotangulia bila yenyewe kutamkwa. Katika lahajedwali tabia yake haiko mbali na hiyo, kwani ikitangulia kitu chochote ndani ya seli hukigeuza maandishi, na yenyewe haionekani katika onyesho. Huonekana tu katika upau wa fomula, ule mstari ulio juu ya jedwali unaoonyesha yaliyomo kwa ukweli wake. Haihesabiwi kuwa sehemu ya maandishi, hata anayeitafuta kwa chombo cha kutafuta haipati. Swali lilikuwa ni nani aliyeziweka ritifaa hizo mbele ya fomula za Riyadh, na jibu ni kwamba Excel yenyewe iliwashauri. Mtu akiandika fomula yenye kasoro ya uandishi, programu huikataa na kutoa tangazo lisemalo kwamba kama hakukusudia fomula, basi aanze na alama hiyo. Karani mwenye foleni ya wateja mlangoni husoma nusu ya tangazo, hutii, na seli humwachia aendelee na kazi.

Kasoro iliyoleta matangazo hayo nayo ilikuwa na chanzo chake. Vipande vya ndani ya fomula hutenganishwa kwa alama ambayo kompyuta huichukua kutoka katika mpangilio wa eneo lake. Kompyuta ya Kandara, iliyonunuliwa ikiwa na mpangilio wa Kiingereza, ilitaka mkato, na ile ya Riyadh, yenye mpangilio wa Kiarabu, ilitaka nukta-mkato. Faili likifunguliwa, programu hutafsiri alama hizo yenyewe na hakuna anayejua kuwa zipo tofauti. Tatizo huzuka fomula inapoandikwa katika ujumbe wa simu na kupelekwa upande wa pili ili ichapwe kwa mkono, maana =MAX(E7,F7) iliyo halali Kandara huwa haramu Riyadh. Zaidi ya hapo, kibodi ya Kiarabu ina mkato wake uliopinduka, “،”, ambao kwa macho yaliyochoka haupishani na ule wa Kilatini, na ambao hakuna mpangilio wowote uliokubali kuupokea katika mashine zile. Ritifaa zile zilikuwa kovu la mabishano ya mikato.

Hali moja huogopesha kuliko zote ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ni ile ya fomula zote za jedwali kufunuka kwa pamoja, safu zikatanuka na majibu yakatoweka. Hapo hakuna seli iliyougua. Mtu amebonyeza Ctrl pamoja na kitufe kilicho kushoto kwa tarakimu 1, njia ya mkato inayoiambia programu ionyeshe maagizo badala ya majibu, na kuibonyeza tena hurudisha kila kitu. Kibodi za Jeddah huandikwa kwa lugha mbili, na kitufe hicho hicho ndicho chenye herufi ya dhali, kwa hiyo vidole vinavyohama kati ya Kiarabu na Kiingereza hukigusa mara nyingi kuliko vidole vya Nairobi. Karani mmoja mgeni aliwahi kuizima kompyuta kwa kuchomoa waya, akiamini kuwa faili limeingiliwa na virusi.

Mnamo tarehe 1 Julai 2020 Saudia ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 5, kiwango kilichokuwapo tangu Januari 2018, hadi asilimia 15. Ofisi ilitoza kodi hiyo juu ya huduma za mjini, kama vile kufunga makatoni na kuyafuata majumbani kwa gari, na kiwango cha 0.05 kilikuwa kimeandikwa ndani ya kila fomula, mstari kwa mstari. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwandishi alizifungua fomula moja moja ili aweke 0.15, na kila aliyoifungua ikakataa kurudi: ilisimama katika seli yake kama sentensi, ikiwa na kiwango kipya na bila jibu. Hizi hazikuwa fomula za zama za Ami. Zilikuwa zimeandikwa upya katika seli zenye umbizo la kawaida, na zilikuwa zimejibu vizuri kwa zaidi ya mwaka.

Maelezo yake yalichukua usiku mzima kupatikana, nayo yanaonyesha jinsi programu inayotaka kusaidia inavyoweza kudhuru. Fomula inapoandikwa katika seli ya umbizo la kawaida, Excel hutazama seli zilizotajwa ndani yake na kuazima umbizo lao, ili kwa mfano jumla ya fedha itokee ikiwa na alama ya fedha bila kuombwa. Fomula za kodi zilitaja seli za uzito na bei ambazo bado zilikuwa na umbizo la maandishi lililoachwa na Ami. Mara ya kwanza zilipoingizwa zilijibu, kwa kuwa wakati huo seli zake zilikuwa za kawaida. Papo hapo zikavishwa umbizo la maandishi kwa kuazima, na vazi hilo halikuwa na athari yoyote mpaka mtu alipozifungua tena. Zilikuwa fomula zilizo hai kwa sharti la kutoguswa. Kama kiwango cha kodi kingewekwa katika seli moja na fomula zote zikaitaja seli hiyo, mabadiliko ya usiku ule yangekuwa ya tarakimu moja, na maradhi yangebaki yamelala. Mwandishi amewahi kujiuliza kama hilo lingekuwa jema, na amefikia kuona kuwa lisingekuwa.

Sababu ni kwamba fomula inayojianika ni kosa lenye sauti. Humwaibisha karani mbele ya mteja, humchelewesha, lakini haimdanganyi. Kosa la kimya ni la namba iliyoingia kama maandishi, inayoonekana namba kwa kila hali isipokuwa kwamba huegemea upande wa seli ambao maandishi huegemea, na mara nyingine hubeba kipembe kidogo cha kijani kwenye kona, alama ya tahadhari ambayo makarani wengi huizima kwa kuwa inawachafulia jedwali. Ni katika kuzitafuta fomula zilizokwama ndipo namba za namna hiyo zilipoonekana, zikiwa zimejaa safu ya uzito.

Hesabu ya kago ya ndege hufuata kanuni inayofaa kuelezwa, maana ndiyo iliyoyaficha madhara. Katoni hupimwa urefu, upana na kimo kwa sentimita, vipimo hivyo huzidishwa na kugawanywa kwa 6,000, na kinachopatikana huitwa uzito wa ujazo, yaani kilo ambazo mzigo huchukuliwa kuwa nazo kwa sababu ya nafasi unayoikalia. Katoni ya sentimita 60 kwa 45 kwa 50 ina sentimita za ujazo 135,000, na uzito wake wa ujazo ni kilo 22.5. Uzito huo hulinganishwa na ule wa mizani, na mteja hutozwa ulio mkubwa; hiyo ndiyo kazi ya =MAX(E7,F7), ambamo E7 ni mizani na F7 ni ujazo. Sasa, alama za kuzidisha, kugawanya na kujumlisha zina huruma: zikikuta tarakimu zilizoingia kama maandishi huzigeuza namba zenyewe na kuendelea, kwa hiyo 60, 45 na 50 za maandishi zilitoa 22.5 sahihi kabisa. MAX na SUM hazina huruma hiyo. Zikielekezwa kwenye seli yenye tarakimu za maandishi huiruka bila kusema neno. Katoni ya kilo 30 kwenye mizani, iliyoingizwa kama maandishi, ililinganishwa na hewa. Mkubwa akawa 22.5, na kilo 7.5 zikasafiri bure hadi Mombasa. Mteja hakulalamika, kwa sababu hakuna mteja anayelalamikia bei iliyopungua, na jumla ya chini ya safu ya mizani, iliyokuwa ikitoka pungufu, ilikuwa ikirekebishwa kila mwisho wa mwezi kwa kalamu na kuitwa tofauti ya mizani. Anayeandika =E7+E8 hupata jibu sahihi, na anayeandika =SUM(E7:E8) juu ya seli zile zile hupata sifuri; makarani wawili waliobishana kuhusu jambo hili wangeweza kuapa wote wawili, na wote wangekuwa wakweli.

Si namba zote zilizotiwa umaandishi na umbizo. Nyingine zilizaliwa hivyo, na hapa panahitajika maelezo kuhusu tarakimu. Karani wa Kiswahili huingia katika hesabu za Kiarabu akidhani amefika nyumbani, kwa kuwa hesabu, daftari, jumla, sifuri, mia na elfu ni maneno ambayo lugha yake iliyapokea zamani kutoka huko, pamoja na sita, saba na tisa. Tarakimu zenyewe pia ziliwahi kuwa za nyumbani: paisa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar hubeba mwaka wa 1299 wa Hijria kwa maumbo ya Kiarabu, ١٢٩٩. Lakini vizazi vilivyosomea tarakimu za Kizungu vimeyasahau maumbo hayo, na kusahau huku kuna gharama, kwani sifuri ya Kiarabu ni nukta (٠) na tano ni kiduara (٥), hata hamsini iliyoandikwa ٥٠ humtokea mgeni kama sifuri yenye nukta pembeni. Wateja walituma orodha za vitu vyao kwa simu, nyingine kwa tarakimu hizo, na orodha zilinakiliwa na kubandikwa kama zilivyo. Katika mashine za Kandara ziliingia kama maandishi. Na kwa kuwa kompyuta yenye Kiarabu inaweza pia kupangwa izionyeshe namba za kweli kwa maumbo ya Kiarabu, iliwezekana seli mbili jirani zikaonyesha ٣٠ kwa sura moja, ya kwanza ikiwa namba kamili na ya pili ikiwa mchoro wa namba.

Wabandikaji wa ujumbe walileta pia vitu visivyo na sura kabisa. Maandishi ya Kiarabu husomwa kutoka kulia, namba husomwa kutoka kushoto, na ili vitu hivyo viwili vikae pamoja bila kugongana, programu huchomeka alama za mwelekeo ambazo hazichapwi wala hazionekani. Alama hiyo ikitangulia namba huigeuza maandishi, na ikitangulia alama ya usawa huigeuza fomula nzima maandishi, hata kama umbizo ni la kawaida, hata kama F2 na Enter zitabonyezwa usiku kucha. Kazi ya TRIM, inayoondoa nafasi za ziada, haiigusi, maana si nafasi. Njia ya kuikamata ni kuacha kuitafuta kwa macho: =LEN(B7) huhesabu herufi za seli, na namba ya iqama, yaani kitambulisho cha mkazi mgeni, yenye tarakimu 10, ikihesabiwa 11, mwizi yumo ndani. =UNICODE(LEFT(B7,1)) humtaja kwa namba yake ya siri, ambayo kwa alama ya kutoka kulia kwenda kushoto ni 8207. Mwandishi anakiri kuwa namba hiyo aliiandika kwa kalamu ya wino kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta, na haikufutika.

Tarehe zina shida ya jamaa moja na hii. Nyaraka za Saudia hubeba mara nyingi mwaka wa Hijria, na tarehe 1 Julai 2020 ilikuwa 10 Mfunguo Pili 1441, yaani Dhulqaada. Kalenda ya Excel huanza Januari 1900, kwa hiyo 10/11/1441 kwa mpangilio wa kawaida hubaki maandishi, na fomula inayoitoa katika tarehe nyingine hurudisha kosa. Hilo ni afadhali. Karani wa Riyadh aliyefupisha mwaka akaandika 10/11/41 alipata tarehe halali kabisa, 10 Novemba 1941, na ripoti ya madeni ikamwonyesha mteja mmoja kuwa hajalipa kwa karibu miaka 79.

Kwamba mkanganyiko wa aina hii si wa wasiosoma, wanasayansi wenyewe ni mashahidi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza utaratibu mpya baada ya kubadilisha majina kadhaa, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu lahajedwali zilikuwa zikiyasoma majina ya zamani kama tarehe za Machi na Septemba. Makosa yao yalielekea upande wa pili, maandishi yakilazimishwa kuwa kitu kingine, lakini mzizi ni ule ule wa mlangoni. Kinachoshangaza ni uamuzi wao: ilionekana rahisi kuzibatiza upya jeni kuliko kuwafundisha watafiti wote umbizo.

Kandara haikuwa na uwezo wa kumbatiza upya yeyote. Daftari lilijengwa tena katika faili jipya, safu ya simu peke yake ikapewa umbizo la maandishi, kiwango cha kodi kikawekwa katika seli moja ya juu, na yaliyotoka kwa wateja yakaingizwa kwa kuchapwa. Ami, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Unguja, alipoelezwa kwa simu kuhusu amri ya kuibadilisha = kwa =, alinyamaza kidogo kisha akauliza ilikuwapo tangu lini. Juu ya safu ya uzito iliongezwa seli moja yenye =SUMPRODUCT(--ISTEXT(E7:E400)), inayohesabu ni seli ngapi katika safu hiyo zina maandishi mahali panapostahili namba; alama mbili za kutoa ndani yake hugeuza kila ndiyo kuwa 1 na kila siyo kuwa 0, ili vihesabike. Wiki za mwanzo ilionyesha 3, mara 7, mara 1, kisha ikatulia. Baada ya miezi miwili tawi la Riyadh lilituma barua pepe likiuliza kwa nini kuna seli pale juu inayoonyesha sifuri siku zote, na kama ingeweza kufutwa.